Darasa Kandokando ya Ziwa

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani kuwa darasa ni mahali pa kujifunzia herufi tu. Leo twapenda kuonyesha kwamba katika nchi zizungukazo Ziwa Victoria darasa liligeuza hata desturi ya kula nyama.

Zamani za misafara, wafanya biashara wa Unguja walipita Tabora, kisha wakashika njia ya Karagwe, au wakaja Kagehyi, karibu na Mwanza, wapate kuvuka kwa vyombo. Pamoja na nguo na bunduki, vitabu navyo vilisafiri. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda. Yasimuliwa kwamba alimkanya Kabaka Suna juu ya kuua watu, akisema kuwa watu hao ni viumbe vya Mwenyezi Mungu. Na Suna akajifunza kwake baadhi ya sura.

Mwanawe, Mutesa, alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi tangu 1867, akaamuru na watu wake wafunge. Vijana wa jumba lake wakasomeshwa. Lakini yeye mwenyewe hakutahiriwa. Vijana wale walipokwisha kufahamu waliyoyasoma, wakakataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, wala hawakukubali awe imamu wao. Mwaka 1876 Kabaka akatoa amri wauawe, na wengi wakateketezwa kwa moto huko Namugongo.

Natutazame jambo hili vema. Amri ya mfalme iliweza kuwafungisha watu, wala haikuweza kuwalisha vijana wale nyama waliyoikataa. Walikuwa wamekwisha kusoma pamoja, kila mmoja akijua kwamba mwenziwe ajua.

Nguvu hiyo yaonekana hata katika mambo madogo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na mji ukajaa watu wa makabila mbalimbali. Darasa la baina ya Magharibi na Isha huwakalisha mvuvi na mchuuzi juu ya mkeka mmoja. Mwalimu akifasiri Sura ya Al-Mutaffifin, iwaonyayo wapunjao vipimo, mchuuzi asikia, na mvuvi ajua kwamba amesikia.

Basi, atakaye kulipima darasa asiulize ni vitabu vingapi vilivyohitimiwa. Na aende sokoni asubuhi, aitazame mizani ya samaki.