Kilo 50 au 60? Hivi Ndivyo Chuma cha Reli ya Kufika Malaba Huchaguliwa

Kama wewe ni msee wa Namboboto ama Funyula na ushawahi kukwama nyuma ya foleni ya matrela pale Busia ama Malaba, unajua mbona watu wa border wanangoja SGR. Mpango ni itoke Naivasha, ipitie Kisumu, iishie Malaba: kilomita 369. Lakini kuna swali watu wengi hawaulizi: chuma chenyewe kitakuwa na uzito gani?

Uzito wa reli ni kilo ngapi ziko kwa mita moja ya chuma. Reli ya mkoloni iliyofika Kisumu 1901 ilikuwa karibu kilo 25 kwa mita. Siku hizi laini kubwa za mizigo hutumia kilo 50, 54 ama 60. Kuchagua, cheki hivi:

1. Mzigo kwa eksele. Trela inaruhusiwa tani 10 kwa eksele moja ya matairi manne, ndiyo maana mizani ya Webuye haikuachi. SGR ya Kenya ni tani 25. Kila gurudumu linakanyaga chuma mahali padogo kama sarafu, so chuma chepesi kinapinda na kupata nyufa mapema.

2. Mzigo wa mwaka mzima. Reli inaliwa pole pole na treni zote zinazopita. Chuma kizito kina nyama zaidi ya kulika kabla kibadilishwe.

3. Kona. Hapa gurudumu linakwaruza chuma upande. Dawa ni chuma kigumu zaidi, si kizito tu.

4. Chini kuna nini. Reli ya kilo 60 juu ya kokoto kidogo na udongo mweusi kama ule wa Kano ni doh ya bure. Mataruma, kokoto na mitaro ya maji lazima ziwe fiti pia.

Sasa hesabu. Reli ni vyuma viwili, so kutoka kilo 50 hadi 60 unaongeza tani 20 kila kilomita. Hadi Malaba ni tani 7,380 za chuma. Si pesa ndogo. Lakini ukikosea, utanunua chuma tena na kufunga laini ukibadilisha.

Na Malaba si mwisho. Oktoba 2024 Uganda ilisaini na Yapı Merkezi wajenge Malaba hadi Kampala. Treni hubeba kile sehemu dhaifu zaidi ya njia inaweza kubeba. Upande mmoja ukiwa dhaifu, mzigo unapunguzwa safari nzima, ama unashushwa hapo border. Hapo matrela yanarudi kwa foleni.

So mwanasiasa akikuambia reli yake ni nzito, muulize: tani ngapi kwa eksele, tani ngapi kwa mwaka, chini kuna nini, na jirani ameweka gani?