Mothlight (1963)
Stan Brakhage, Marekani. Filamu ya milimita 16, bila sauti, kama dakika nne

Hapa kamera haikutumika kabisa. Brakhage aliokota nondo waliokufa kwenye taa, akayabana mabawa yao, pamoja na majani na petali za maua, kati ya tepu mbili zinazopitisha mwanga, zenye upana wa filamu. Maabara ikatoa nakala ya kuonyeshwa.

Angalia mishipa ya bawa. Bawa moja huweza kutanda juu ya fremu kadhaa, na projekta huzipitisha moja moja, upesi mno. Kwa hiyo jicho haliletewi bawa zima, bali vipande vinavyorukaruka. Akili ndiyo inayoviunga vikawa mpapatiko. Usihangaike kutafuta hadithi. Itazame mara mbili: mara ya pili macho hunasa mengi zaidi.