Maharamia wa Ziwa Tanganyika
Mtoto wa Magara, kwenye mwambao wa ziwa nchini Burundi, akifanyiwa sherehe ya kuzaliwa ya kiharamia, yale mambo ya ramani na sanduku la dhahabu yametoka katika Kisiwa Chenye Hazina, riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyochapishwa kama kitabu mwaka 1883. Miaka hiyohiyo Ziwa Tanganyika lilikuwa na haramia wake wa kweli: Rumaliza, tajiri wa Ujiji, alituma watu wenye bunduki kaskazini mwa ziwa kutafuta pembe za ndovu na watumwa, hadi majeshi ya Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo yakamzuia Burundi. Yupo atakayesema huyo alikuwa mfanyabiashara, si haramia; lakini kwa aliyetekwa ufukweni tofauti hiyo haikuwa na faida. Mwingine atasema tusiwaharibie watoto mchezo. Mchezo uendelee, ila shujaa wake awe mlinzi wa mwambao.