Kiapo kilichowatia Wakristo wa amani mashakani Pennsylvania

KUFIKIA katikati ya mwaka wa 1777, vita vya makoloni ya Marekani dhidi ya Uingereza vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Mnamo Juni 13, bunge la Pennsylvania lilipitisha sheria iliyomtaka kila mwanamume Mzungu aliyepita umri wa miaka 18 amkane Mfalme George III na kuahidi utiifu kwa jimbo hilo.

Agizo hilo liliwatia mashakani Marafiki, yaani Quaker, pamoja na Wamennonite. Madhehebu hayo mawili ya Kiprotestanti yalikataa kushika silaha, tena yalifuata agizo la Yesu katika Mathayo, sura ya 5, linalokataza kuapa. Ajabu ni kwamba Pennsylvania yenyewe iliasisiwa mwaka wa 1681 na Rafiki, William Penn.

Sheria iliruhusu mtu kuthibitisha badala ya kuapa, lakini kikwazo hakikuondoka. Kwa Marafiki, kumkana mfalme vita vikiendelea kulikuwa sawa na kuingia vitani. Nao Wamennonite wengi waliona kuwa hawawezi kuvunja ahadi ya utiifu kwa mfalme ilhali mshindi hajajulikana.

Aliyekataa alizuiwa kupiga kura, kushika wadhifa, kumshtaki mdaiwa wake na hata kununua au kuuza ardhi. Baadaye aliongezewa kodi maradufu. Mnamo Septemba 1777, watu wapatao 20, wengi wao Marafiki, walihamishwa kwa nguvu kutoka Philadelphia hadi Winchester, Virginia, bila kufikishwa mahakamani. Wawili walifia huko kabla ya wenzao kuachiliwa Aprili 1778.

Makanisa nayo yaligawanyika. Christian Funk, askofu wa Wamennonite, alitengwa kwa kukubali kodi ya serikali mpya ilipwe. Marafiki waliofukuzwa kwa kushika silaha au kuahidi utiifu waliunda jumuiya ya Marafiki Huru mwaka wa 1781.

Sheria hizo zilifutwa mwaka wa 1789. Nchini Kenya, ambako wamishonari wa Marafiki walifika Kaimosi mwaka wa 1902, Katiba ya 2010 inamruhusu anayeingia madarakani kuapa au kuthibitisha. Hata hivyo, kisa cha Pennsylvania kinafunza kwamba ruhusa hiyo humwondolea muumini uzito wa maneno tu. Uzito wa kulazimishwa kuchagua upande wakati wa vita humbakia moyoni.