Mtego wa Panya Ulionasa Nairobi

Kabla ununue dawa kwa yule jamaa wa spika anayepita mtaani akitangaza panya, mende na kunguni, hebu nikuambie kitu kuhusu huu mji. Nairobi ishawahi kuchoma mtaa mzima juu ya panya. Mwaka 1902, miaka mitatu tu baada ya reli kufika hapa, tauni ilizuka kwenye Bazaar ya Wahindi. Daktari wa serikali, Alfred Spurrier, akaamuru watu watolewe na bazaar iteketezwe. Na ikateketezwa kweli.

Panya mwenyewe hakuzaliwa hapa. Yule mweusi wa nyumbani, anayependa kutembea juu kwenye dari, asili yake ni Bara Hindi. Alivuka bahari na majahazi zamani sana. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, mji wa Zanzibar uliokuwepo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Bara kulikuwa na panya wengine, na watu wa huku walijua kuishi nao: ghala liliinuliwa juu ya miguu, paka akaachwa azunguke. Halafu reli ikaja, na magunia ya nafaka yakapanda behewa, na sidhani panya alikatiwa tiketi.

Sasa fikiria Nairobi ya wakati huo. Wajenzi wa reli walichagua mahali tambarare penye maji, yaani kinamasi. Maduka ya mbao na mabati yamebanana, magunia ya mchele mbele, watu wanalala nyuma, mtaro wa maana hakuna. Ungekuwa panya ungehamia wapi kwingine?

Kinachonikera ni hiki. Kufikia 1902, mambo ya tauni hayakuwa fumbo kamili. Alexandre Yersin alikuwa ameona kijidudu chake Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898, Paul-Louis Simond akaonyesha kule Karachi kwamba kiroboto ndiye anayeutoa ugonjwa kwa panya na kuuleta kwa mtu. Shida ni kwamba madaktari wengi hawakumwamini kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo dawa ya serikali ikawa moto. Lakini nyumba ikishika moto, panya hangoji. Anatoka na viroboto vyake, anaenda kwa jirani. Tauni ilirudi Nairobi tena, 1911 na 1912 ikiwemo.

Mtego ulikuwepo tayari. Ule wa ubao na springi unaouziwa leo Gikomba ama Muthurwa ni wa umri huohuo: William Hooker wa Illinois, Marekani, alipata hataza ya mtego wa aina hiyo 1894, na James Henry Atkinson wa Leeds, Uingereza, akaja na wake, Little Nipper, miaka mitatu baadaye. Umebadilika kidogo sana tangu hapo.

Lakini sisemi eti serikali ingemwaga mitego bazaar na mambo yaishe. Mwaka huohuo wa 1902, Wafaransa walijaribu kule Hanoi, Vietnam. Walikuwa wamejenga mabomba ya majitaka ya kisasa chini ya mtaa wao wa kifahari, na panya wakapata kasri. Wakaajiri watu wa kuwaua. Kuna siku moja walihesabu zaidi ya panya 20,000. Bado wakazidi kuonekana. Basi wakasema kila raia akileta mkia wa panya atalipwa. Mikia ikamiminika! Halafu wakaanza kuona panya wakikimbia mjini bila mikia: watu walikuwa wanakata mkia na kumwachilia panya akazae wengine. Wengine walifungua kabisa mashamba ya kufuga panya. Mimi siwalaumu. Ukitawaliwa kwa nguvu halafu ulipwe kwa mkia, hesabu ni rahisi.

Sasa turudi Nairobi. Ilitafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson akatumwa kutoka Uingereza kuangalia usafi wa mji, na pendekezo lake kubwa likawa kutenganisha makazi kwa rangi. Hoja yake ilikuwa kwamba desturi za watu zinatofautiana, na kwamba magonjwa ya Waasia na Waafrika yatawafikia Wazungu. Hapo panya ameshasahaulika. Aliyebaki kwenye ripoti ni Mhindi na Mwafrika. Wahenga walisema mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo, na huu ulinasa wasiokuwemo peke yao. Sera ya kuwatenga Wahindi mijini ilifutwa kwenye karatasi mwaka 1923, lakini mji ulikuwa umeshachukua sura: Wazungu magharibi kwenye hewa safi, Wahindi upande wa Ngara, Waafrika Eastlands. Na usafi ulianza kwa nani? Unajua.

Mchezo ni uleule hadi leo. Panya akionekana kwenye ploti, mwenye ploti anasema wapangaji ni wachafu. Hasemi takataka zimelala getini wiki mbili, wala kwamba mtaro umeziba tangu mvua ya mwaka jana. Jaa la Dandora lilitangazwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanaingia. Mei 2024 mafuriko yalipokuja, Mathare na Mukuru watu waliambiwa wahame, tingatinga zikafuata. Hatari ilikuwa ya kweli, hata tauni ya 1902 ilikuwa ya kweli. Mimi naangalia tu nani hubomolewa kila hatari ikija.

Kama wako ndani tayari, tega. Panya hutembea akigusa ukuta, kwa hivyo weka mtego kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, si katikati ya jikoni. Omena ama siagi ya njugu, kidogo tu, akiwekewa nyingi anaila bila kugusa springi. Panya mkubwa huogopa kitu kipya, mwachie mtego na chakula siku kadhaa bila kuutega. Weka mitego mingi siku moja, kwa sababu jike hubeba mimba wiki tatu hivi na kuzaa watoto sita, saba. Halafu ziba mashimo, hata ya upana wa kalamu, maana panya mdogo anapita hapo.

Na usiku huo ukisikia springi imelia, asubuhi mpige picha akiwa kwenye mtego, piga pia ile takataka ya getini, utume zote mbili kwa mwenye ploti na kwa mwakilishi wadi wako.