Mashimo ya Mfalme Sulemani na Nchi ya Kandokando ya Kagera

Miongoni mwa riwaya za Kiingereza zilizoingia katika madarasa ya Afrika Mashariki kwa lugha ya Kiswahili, ni chache zilizotengenezewa filamu mara nyingi kama ile ya H. Rider Haggard iliyotoka mwaka 1885, ambayo Frederick Johnson aliitafsiri mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Afrika Kusini iliitolea filamu bubu, Uingereza ikafuata mwaka 1937, Hollywood mwaka 1950, kisha likaja toleo la 1985 lililopigwa Zimbabwe, na baada yake toleo la televisheni la mwaka 2004. Swali la iwapo filamu kongwe zilizotokana na riwaya zinazopendwa zinafaa kutengenezwa upya hujibiwa kwa kawaida kwa kupima ustadi wa waigizaji na ubora wa picha. Katika nchi inayoshika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa toleo la 1950, linalosifiwa kuliko mengine yote, lilichukua watu na mandhari ya sehemu yake ya mwisho kwa jirani wa nchi hiyo, na dhana iliyolitawala iliandikwa na msafiri aliyepita humo humo.

Msafiri huyo ni John Hanning Speke. Mwishoni mwa mwaka 1861, akitoka kusini kupitia Uzinza, aliingia katika milki aliyoiita Usui, ambayo wenyeji huiita Rusubi na ambayo leo ni sehemu ya Biharamulo, wakati ikitawaliwa na Suwarora. Huko alicheleweshwa kwa ajili ya hongo, neno ambalo enzi hizo lilikuwa na maana ya ushuru anaotozwa mwenye msafara kabla ya kuruhusiwa kupita, nao ulilipwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Kitabu chake cha mwaka 1863 kimejaa manung'uniko juu ya madai hayo, ingawa mtu akikisoma bila kuegemea upande wa Speke anaona serikali iliyojua thamani ya njia yake na iliyokuwa na maofisa wa kuilinda. Alipofika Karagwe alipokewa kwa ukarimu na mtawala wake, Rumanyika, na katika kitabu hicho hicho akadai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa uzao wa wageni waliohamia kutoka Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi wowote wa maana, lakini dai hilo lilipata nguvu kwa karibu miaka mia moja, na wakoloni wa Kijerumani na wa Kibelgiji wakalitumia kuwagawa watu wa Rwanda na Burundi, ambao lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kihangaza na Kishubi vinavyozungumzwa Ngara.

Haggard mwenyewe hakulijua eneo hili. Alikaa Natal na Transvaal kuanzia mwaka 1875, na Wakukuana wa riwaya yake wanafanana na Wazulu. Inasimuliwa kwamba aliiandika baada ya ndugu yake kumwekea dau kuwa hawezi kutunga kitabu kinacholingana nusu na Treasure Island cha Stevenson. Na kana kwamba dau hilo lilivuka bahari, Kisiwa chenye Hazina nacho kilichapwa kwa Kiswahili mwaka ule ule wa 1929. Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, alitaka vitabu vya kuwazoeza wanafunzi kusoma, na hadithi ya safari, vita na hazina ilifaa kazi hiyo. Hata hivyo msomaji wa nchi za maziwa alikuwa na njia yake ya kuisoma. Kwake moyo wa hadithi hauko katika almasi, bali katika Umbopa, mpagazi ambaye baadaye anajulikana kuwa ndiye Ignosi, mrithi halali wa kiti kilichoporwa na Twala. Mambo ya urithi uliogombewa, mtoto wa mfalme aliyefichwa ugenini na mtawala mwenye kumwaga damu ya ndugu zake hayakuhitaji kufafanuliwa kwa watu ambao masimulizi ya koo zao za kifalme yana mambo ya namna hiyo.

Uhawilishaji, maana yake kuitoa kazi ya fasihi katika maandishi na kuijenga upya katika picha, hauwezi kuchukua kila kitu, na kinachoachwa ndicho kinachoonyesha nia ya mtengenezaji. Toleo la 1937 lilimpa Paul Robeson nafasi ya Umbopa na likamwimbisha, jambo ambalo Haggard hakuliwaza. Likamwingiza pia msichana wa Kizungu katika safari ambayo kitabuni ni ya wanaume. Toleo la 1950, lililoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton kwa kampuni ya MGM, lilikwenda mbali zaidi: badala ya Henry Curtis wa kitabuni kumtafuta ndugu yake, Elizabeth Curtis, aliyeigizwa na Deborah Kerr, anamtafuta mumewe, na Quatermain, kiongozi wa msafara aliyeigizwa na Stewart Granger, anakuwa mchumba wake. Gagool, ajuza mchawi asiyesahaulika na yeyote aliyekisoma kitabu hicho, aligeuzwa kuwa mwanamume mwenye cheo. Kwa upande wa hadithi, basi, toleo hilo ni dhaifu, na anayeomba litengenezwe upya ili riwaya itendewe haki ana hoja nzuri.

Lakini sifa ya filamu hiyo haikutokana na hadithi. Wapigaji picha walizunguka Machakos na Rumuruti nchini Kenya, maporomoko ya Murchison nchini Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, wakafika Astrida, mji wa Rwanda uliopewa jina la malkia wa Ubelgiji na ambao leo ni Huye, takriban kilomita 100 magharibi ya Ngara kwa mstari ulionyooka. Robert Surtees alipata Tuzo ya Oscar kwa picha hizo za rangi, na watengenezaji wakaacha kabisa muziki wa okestra uliozoeleka Hollywood, wakategemea ngoma na sauti za mahali. Wakukuana wakawa Watutsi. Wachezaji wa intore, ngoma ya vijana waliofunzwa katika makazi ya mfalme na watemi, wanaonekana wakiruka na kukanyaga ardhi kwa pamoja, vichwani wamevaa nywele ndefu za nyuzi zinazopeperuka kila shingo inapogeuka, mikononi wana mikuki. Na kamera, ambayo kwingineko katika filamu hiyo haitulii kwa sababu ya kuwafuata wanyama, hapa inatulia na kutazama. Umbopa aliigizwa na Siriaque, Twala na Baziga, Gagool na Sekaryongo, na Khiva, mpagazi wa safari, na Kimursi, Mkipsigis wa Kenya. Katika orodha ya wachezaji Granger na Kerr wana majina yao kamili, ilhali kila mmoja wa hawa wanne ana jina moja tu, kisha limeandikwa kabila lake, kama ambavyo makumbusho huandika chini ya kinyago mahali kilikookotwa.

Mfalme wa Rwanda wakati huo alikuwa Mutara III Rudahigwa, aliyetawala tangu mwaka 1931. Alifariki ghafla Bujumbura mwezi wa Julai 1959, Novemba ya mwaka huo machafuko yakazuka, na tarehe 28 Januari 1961 jamhuri ikatangazwa Gitarama. Mwaka 1959 huo huo MGM ilitoa filamu iliyoitwa Watusi, ambayo ilikuwa mwendelezo kwa jina, lakini kwa hakika ilishonwa kwa kiasi kikubwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ajili ya toleo la 1950. Hiyo ndiyo namna ya bei nafuu kuliko zote ya kutengeneza upya filamu, yaani kwa mkasi, na ilifanywa wakati ufalme unaoonekana katika picha hizo unabomoka. Wakimbizi wa Kitutsi walivuka mipaka kuingia Uganda, Kongo, Burundi na Tanganyika, na Ngara ikawapokea katika makazi ya Muyenzi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watazamaji wa Marekani walikuwa bado wanauziwa ufalme wa hadithi huku watu wa ufalme wenyewe wakigawiwa mashamba na majembe katika vilima vya Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, safari hii wengi wao wakiwa Wahutu, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja na kuingia kambi ya Benaco katika wilaya hiyo hiyo. Mgawanyo wa watu ambao Speke aliutilia mbegu na Hollywood ikaupamba kwa rangi haukuwa sababu pekee ya maafa hayo ya 1959 na 1994, lakini hakuna mwanahistoria makini anayeuacha nje.

Toleo la 1985, lililoongozwa na J. Lee Thompson kwa kampuni ya Cannon huku Richard Chamberlain na Sharon Stone wakiwa mbele, lilitaka kuvuna palipolimwa na filamu za Indiana Jones, likaigeuza hadithi kuwa mzaha ambamo Waafrika wanawapika wageni katika chungu kikubwa. Halihitaji maneno zaidi, isipokuwa kwamba linathibitisha jambo moja: kutengeneza upya hakusahihishi kosa la mtangulizi kwa sababu tu miaka imepita. Toleo la 1950 lilikuwa na dhana mbovu na watu wa kweli. La 1985 lilibaki na dhana mbovu peke yake. Hadithi ya Haggard inaweza kuhawilishwa tena na yeyote anayetaka, na pengine yuko atakayemrudisha Gagool kuwa ajuza na Umbopa kuwa mhusika mkuu. Kisichoweza kutengenezwa upya ni intore ya Astrida, kwa kuwa hiyo haikuwa uigizaji wa riwaya hata kidogo, ilikuwa kumbukumbu iliyonaswa na watu waliokuwa na shughuli nyingine.

Afrika Mashariki ina njia yake ya kushughulikia filamu kongwe bila kuzipiga upya. Katika mabanda ya video watafsiri, ambao mashuhuri wao jijini Dar es Salaam alikuwa Derek Gaspar Mukandala aliyejulikana kama Lufufu, huweka sauti zao za Kiswahili juu ya filamu za kigeni, wakieleza, wakikejeli na kuwapa wahusika nia ambazo mwandishi wa awali hakuwapa. Picha inabaki ilivyo, anayebadilika ni msimulizi. Kwa filamu ya 1950 njia hiyo ina faida kuliko matoleo mapya, hasa ikifanywa na mtu wa Ngara, ambaye kutoka Kihangaza hadi Kinyarwanda ana hatua fupi, na kwa hiyo anaweza kusikia maneno pale ambapo mtazamaji wa London alisikia kelele tu.

Fedha za toleo jingine la Mashimo zingepata kazi bora mahali pengine. Amil Shivji alipoihawilisha Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, katika filamu ya Kiswahili iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, alionyesha kwamba msafara wa kifalme na almasi si sharti la sinema ya Afrika Mashariki. Anayependa msafara hata hivyo hana haja ya Wakukuana wa kubuni: mvutano wa hongo katika milki ya Suwarora umeandikwa na Speke kwa urefu, pamoja na nguo zilizohesabiwa, nyaya zilizokataliwa na wajumbe waliotumwa na kurudishwa, na kinachobaki kwa mtunzi wa filamu ni kuuandika upya kutoka upande wa Warusubi waliokuwa wakizipokea.