Mkulima Mmoja, Wateja Watatu: Kampuni za Simu na Kipimo Chao Bonde la Kilombero

Nchi hii ina laini za simu nyingi kuliko watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwemo. Kufikia mwisho wa 2023, takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zilionesha laini zaidi ya milioni 70. Kwa laini hizo ndipo kampuni hugawana soko na kuambiana nani amempita nani. Ni kipimo chenye historia, na historia hiyo husomeka vizuri zaidi mtu akiitazama kutoka Ifakara.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tulibaki na Shirika la Posta na Simu, peke yake sokoni. Shirika la namna hiyo halina mwenzake wa kulinganishwa naye. Sheria za 1993 zililigawa, Mobitel ikaanza kazi 1994, kisha wakaja Vodacom na Celtel. Mwaka 2000 simu za mezani zilikuwa 173,591 na za mkononi 110,518. Mwaka uliofuata za mkononi zikaongoza. Laini ikawa ndiyo sarafu ya ushindani. Ni rahisi kuihesabu, na mwekezaji aliyeko London huielewa bila kujua Mlimba iko wapi.

Sasa tushuke bondeni. Kilombero imebanwa kati ya safu ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na vijiji vimetawanyika kandokando ya mto unaofurika masika. Mtandao unaoshika Ifakara mjini huenda usishike shambani. Mkulima wa mpunga hangoji mjadala: hununua laini ya pili, pengine ya tatu. (Bei nazo zilichangia, kwani kwa miaka mingi kupiga ndani ya mtandao uleule kulikuwa nafuu.) Nayo laini huhesabiwa kuwa hai ikitumika walau mara moja katika miezi mitatu. Basi mkulima mmoja, ambaye kampuni tatu zimeshindwa kumtosheleza, huingia vitabuni kama wateja watatu. Upungufu wa huduma husomeka kama ukuaji, na kila kampuni hupata fungu lake la sifa.

Serikali haikulala. Sheria ya 2006 iliweka msingi wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na Mei 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Idadi hiyo ya kata naiona kuwa ushahidi mzito kuliko mamilioni ya laini. Hata hivyo, mnara uliosimama si lazima uwe mnara unaowaka, na takwimu zikigawanywa kimkoa, Mlimba hufichwa nyuma ya Morogoro mjini.

TCRA hupima ubora wa huduma pia. Ninachodai ni kwamba matokeo yatolewe kwa kata, kila kampuni kwa jina lake, na yabandikwe katika mbao za matangazo za halmashauri za Ifakara na Mlimba. Diwani angeingia barazani na karatasi moja: kata yake, kampuni zilizomo, na saa ambazo kila mnara ulizimika mwezi uliopita.